Papa Aliyekufa na Papa Aliye Hai

Katika vijiji vyetu siku hizi yasikika maneno ambayo babu zetu waliobatizwa hawakuyasikia. Twaambiwa ya kuwa Misa isomwayo kwa Kiswahili ni Misa pungufu. Ya kuwa Kanisa lilipotea njia katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Na ya kuwa Mkatoliki wa kweli hana budi kuyashika mapokeo ya kale, hata ikiwa kwa kuyashika atamkataa askofu wake na Baba Mtakatifu mwenyewe. Maneno haya hayakuzaliwa kwetu. Yametoka Ulaya, nayo yatufikia kwa simu za mkononi, usiku, watu wakiisha kula. Mzee mmoja wa kijiji chetu amekwisha kuyashika. Tangu Kwaresima haonekani kigangoni. Jumapili hukaa nyumbani na rozari yake, akisema afadhali kukosa Misa kuliko kusali Misa ya kisasa. Binti yake, tuliyemfundisha sisi wenyewe mpaka akachaguliwa kwenda sekondari, amezuiwa nyumbani, kwa sababu mavazi ya michezo ya shule ile ni suruali. Kwa ajili ya binti huyu tumeshika kalamu.

Tuseme kweli kwanza. Watu hawa wa mapokeo wana neno. Nani kati yetu hajaona Wakristo wakiingia kanisani Injili imekwisha kusomwa, simu zikilia wakati wa kuinua Hostia, na kinanda cha umeme kikipigwa kwa kishindo mpaka mgonjwa akatoka nje? Babu zetu walipiga magoti juu ya udongo wakanyamaza. Walijibu maswali ya Katekisimu neno kwa neno, wakaimba Credo na Salve Regina kwa Kilatini, ingawa wengi wao hawakujua kuandika majina yao. Tena Mtaguso wenyewe haukuagiza Kilatini kitupwe. Hati yake juu ya Liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, yaagiza Kilatini kihifadhiwe, nayo yazipa nyimbo za Kigregori heshima ya kwanza. Basi mtu akitudai heshima zaidi mbele ya altare, atudai deni la haki. Akipenda Kilatini, na apende. Hata sisi twakipenda. Ugomvi wetu ni juu ya ufunguo wa Petro: je, unao mwenyewe, au kila mtu aweza kujichongea wake?

Aliyewaongoza watu wa mawazo haya alikuwa Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, Mfaransa, naye hakuwa mgeni wa Afrika. Alikuwa mtawa wa Shirika la Roho Mtakatifu, ndilo shirika lile lililojenga misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alifika Gaboni mwaka 1932, akawafundisha waseminari wa Kiafrika. Mwaka 1947 alipewa uaskofu wa Dakar, nchi ya Senegali, na mwaka 1948 Papa Pio XII akamfanya mjumbe wake katika nchi za Afrika zilizotawaliwa na Ufaransa. Alifanya kazi kubwa, twakiri kwa shukrani. Lakini wamisionari wa siku zile waliwafundisha wazee wetu nini zaidi ya utii? Waliambiwa waache ngoma hii, waache tambiko lile, waoe mke mmoja, nao wakatii, pengine kwa machozi, kwa kuwa waliambiwa ya kuwa amsikiaye Papa na maaskofu amsikia Kristo.

Sasa tazameni yaliyofuata. Mwaka 1970 Lefebvre alianzisha Shirika la Mtakatifu Pio X huko Uswisi. Mwaka 1976 Papa Paulo VI alimkataza kuwapa vijana wake upadre. Akawapa, tarehe 29 Juni, na mwezi uliofuata akasimamishwa katika kazi zote za upadre. Tarehe 5 Mei 1988 alitia sahihi mapatano na Kardinali Ratzinger, ndiye aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI. Kulipokucha akarudi nyuma. Tarehe 30 Juni mwaka uleule akawaweka wakfu maaskofu wanne bila ruhusa ya Papa, naye Papa Yohane Paulo II akatangaza ya kuwa wametengwa na Kanisa.

Mlinganisheni na mwanafunzi wake. Hyacinthe Thiandoum, Msenegali, alipewa upadre na mikono ya Lefebvre mwaka 1949, akamrithi katika kiti cha Dakar mwaka 1962, akawa Kardinali mwaka 1976. Alimpenda aliyempa upadre, akajaribu kumpatanisha na Roma. Lakini hakumfuata. Sisi walimu habari hii yatuchoma, maana nasi twafundisha kila siku mambo ambayo hatujaona kama tutayaweza siku yakitugeukia.

Wao hujibu wakisema: “Hatumkatai Papa. Twamkumbusha tu yaliyosemwa na Mapapa waliomtangulia. Papa Pio V aliitengeneza Misa mwaka 1570 iwe ya siku zote. Nani basi awezaye kuibadili?” Hoja hii yaonekana nene, lakini ukiiminya haina maji. Mwenye mamlaka ya kufunga ndiye mwenye mamlaka ya kufungua. Pio X, ambaye Shirika lao lachukua jina lake, alibadili mambo mengi. Mwaka 1905 aliwahimiza waamini kupokea Komunyo mara nyingi, hata kila siku, jambo lililowastusha wengi waliozoea kupokea kwa nadra. Mwaka 1910 aliagiza watoto wapokee mara wafikapo umri wa akili, yaani kama miaka saba, badala ya kungojeshwa mpaka kumi na miwili au zaidi. Mwaka 1911 alipanga upya hata zaburi za sala za mapadre. Pio XII naye? Zamani aliyetaka kupokea alifunga tangu usiku wa manane, hata maji hakunywa. Yeye aliruhusu maji mwaka 1953, akaufanya mfungo kuwa wa saa tatu mwaka 1957, na katikati ya hayo, mwaka 1955, akaitengeneza upya ibada ya Juma Kuu. Je, Pio XII aliyaasi mapokeo? Hakuna asemaye hivyo. Ikiwa Pio alikuwa na uwezo huo, Paulo aliunyimwa na nani? Lakini Papa aliyekufa ana sifa moja nzuri sana kwa mtu asiyependa kutawaliwa: hawezi kumjibu.

Husema tena ya kuwa Mtume Paulo alimkemea Petro kule Antiokia, kwa hiyo nao wana ruhusa ya kumpinga Papa. Vema, na tukisome kisa kile mpaka mwisho. Paulo alimkemea Petro usoni, lakini hakuondoka akaweka Petro mwingine, wala hakujenga altare ng'ambo ya barabara. Na alimkemea kwa sababu gani? Kwa sababu Petro alijitenga na meza ya watu wa mataifa, akiwaogopa wale waliotaka kila Mkristo ashike desturi za Kiyahudi. Ugomvi wa Antiokia ulikuwa juu ya watu waliofanya desturi za taifa lao kuwa mlango wa wokovu. Msomaji mwenyewe na apime, Paulo angesimama upande gani leo.

Nacho Kilatini hakikushuka kutoka mbinguni. Wakristo wa kwanza wa Roma walisali Kiyunani. Ndiyo sababu maneno ya Kyrie eleison yalibaki katika Misa ya Kilatini. Kilatini kilishika nafasi yake polepole, mpaka katika karne ya nne kikawa lugha ya Misa ya Roma, kwa sababu hiyo hiyo ambayo kwayo leo twasali Kiswahili: watu hawakuelewa tena lugha ya kwanza. Na waandishi wakubwa wa mwanzo walioandika mambo ya dini kwa Kilatini, Tertuliano na Sipriani, walikuwa watu wa Karthago, katika Afrika ya Kaskazini. Hati ile ya 1963 ilikubaliwa na mababa 2,147, wakaikataa 4 tu. Mmoja wa mababa wa Mtaguso alikuwa Kardinali Laurean Rugambwa, mtu wa Bukoba. Basi mtu asituambie ya kuwa Kiswahili altareni ni hila ya Wazungu wachache waliolewa usasa.

Na uasi huzaa. Mmoja wa maaskofu wale wanne, Richard Williamson, Mwingereza, aliyefariki mwaka 2025, alifukuzwa na Shirika lenyewe mwaka 2012 kwa kutowatii wakubwa wake. Mwaka 2015 naye akamweka wakfu askofu mwingine bila ruhusa ya Papa. Wakubwa wake walimlaani nini, wakati wao wenyewe walipata uaskofu kwa njia ile ile? Wala Kanisa halikuwafungia mlango watu hawa. Mwaka 2009 Papa Benedikto aliwaondolea maaskofu wao adhabu ya kutengwa. Papa Fransisko aliwapa mapadre wao ruhusa ya kuungamisha kihalali katika Mwaka wa Huruma, kisha mwaka 2016 akaiendeleza. Papa wanayemlaumu ndiye aliyewapa ufunguo wa kitubio. Neno hili halisemwi katika zile video za usiku.

Sasa tuje kwenye suruali, maana ndiyo inayotulia nyumbani. Askofu huyo Williamson aliandika barua mwaka 1991 akiwaonya wanawake juu ya vazi hilo, na barua yake yatembea hata leo. Adabu ya mavazi ni jambo kweli, hatuicheki; mama zetu huingia kanisani na kanga kichwani, nao hufanya vizuri, ingawa sheria ya Kanisa ya 1983 haikuirudia ile amri ya 1917 ya kufunika kichwa. Lakini vazi hupimwa kwa desturi ya mahali. Padre mwenyewe asimama mbele yetu na kanzu ifikayo visiginoni, wala hakuna amwambiaye amevaa nguo ya kike. Na kwa kuwa wapenda mambo ya kale, na tuwape la kale hasa: mwaka 866 Wabulgari, waliobatizwa upya, walimwuliza Papa Nikolao I juu ya suruali, wanaume na wanawake pia. Akawajibu ya kuwa kuvaa au kutovaa hakuzuii wokovu, wala hakuongezi fadhila. Haya ni mapokeo ya miaka zaidi ya elfu moja na mia moja. Mbona hayo hawayashiki?

Katekisimu ya Pio X, wanayoisifu, nasi twaisifu, yataja dhambi zinazolilia mbinguni. Mbili kati yake ni kuwadhulumu maskini na kuwanyima wafanya kazi ujira wao. Someni orodha yote: suruali ya msichana hamtaiona. Lakini ni mara ngapi mmesikia katika mafundisho yale ya simu habari ya mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake? Habari ya mke apigwaye Jumamosi na mume apokeaye Komunyo Jumapili? Ni rahisi kupima urefu wa sketi. Kupima kibaba cha jirani ni kazi. Hatusemi watu wote wa mapokeo wako hivyo. Tumewaona wenye upole na sala nyingi, wanaofunga kweli Ijumaa wakati sisi tunatafuna. Twasema tu ya kuwa mtu akiisha kujiweka juu ya askofu wake, hana tena wa kumwambia, “Ndugu, umeisahau amri iliyo kubwa.”

Mzee wetu ni mtu mwema. Mtu akifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika na jembe. Tulimwendea mwezi uliopita, mwalimu mwenzetu na sisi, pamoja na katekista, tukaketi chini ya mwembe wake. Alitusomea katika simu maneno ya padre mmoja wa Ulaya juu ya mavazi, muda wa saa nzima, tukasikiliza. Tulipomaliza, vijana wawili waliompalilia mahindi tangu Januari walikuwa wamesimama uani wakiomba fedha zao. Akawaambia warudi juma lijalo. Katekista akamtazama, asiseme neno. Binti alileta maji ya kunywa, akatupa kila mtu kikombe kwa mikono miwili, akarudi jikoni. Mkuu wa shule ametuambia ya kuwa nafasi yake itangojewa mpaka mwisho wa mwezi huu, kisha atapewa mwingine. Vijana wale hawajalipwa hadi tuandikapo.