Asiye na Faili Hakupigana?

Kuna kauli moja inayozunguka katika vikao vyetu vya vijana waandishi, na mimi nimeichoka. Kila akitajwa mzee wa Keya aliyenyimwa medali yake, hakosi mshikaji wa kusema: "Ya nini kulilia bati la mkoloni?" Watu wanacheka, wengine wanapiga makofi, mjadala umekwisha. Tunarudi kwenye mashairi ya mapenzi.

Leo nataka kubishana na mshikaji huyo. Lakini kwanza nibishane na karani wa dirishani, maana hawa wawili, bila kujuana, wanafanya kazi moja.

Askari akigundua kwamba kumbukumbu zake za jeshi zimeruka medali anayostahili, ataambiwa aombe marekebisho. Haya, ataandika barua. Jibu litakuja: lete namba yako ya jeshi, lete cheti cha kuachishwa kazi, lete ushahidi kwamba ulikuwepo. Sasa jamani, ushahidi huo ungekuwa wapi kama si ndani ya faili alilolikalia karani mwenyewe? Mtu anapoteza kitu chako, halafu anakudai risiti!

Wamarekani wao wameuweka mchezo huu katika maandishi. Jeshi lao la nchi kavu lina bodi ya kusahihisha kumbukumbu, na bodi hiyo huanza kwa kuchukulia kwamba ofisi ilifanya kazi yake sawasawa. Mwombaji ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha vinginevyo. Tena anapewa miaka 3 tangu agundue kosa, ikizidi hapo bodi yenyewe iamue kama haki inataka asikilizwe. Kwenye karatasi inaonekana si mbaya. Lakini tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu la St. Louis lilishika moto, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Kwa askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960, yaliungua kama 80 kwa kila 100. Nakala hazikuwepo. Tangu hapo mtu huyo huyo anayechukuliwa kuwa alitunza vizuri ndiye aliyeunguza, na mzigo bado uko kichwani kwa mzee.

Mtazameni Waverly Woodson. Alikuwa tabibu wa kikosi cha 320, kikosi cha watu weusi kilichorusha maputo ya kuzuia ndege, akateremka ufuko wa Omaha kule Ufaransa tarehe 6 Juni 1944. Alipigwa na vipande vya kombora kabla hata hajakanyaga mchanga. Akafungwa jeraha, akaanza kuhudumia wenzake, akaendelea kwa takriban saa 30. Vita ile ilitoa Medali za Heshima zaidi ya 400, na kwa miaka mingi hakuna hata moja iliyokwenda kwa mtu mweusi. Miaka ya tisini ndipo wakaamua kuchunguza, na Januari 1997 wakatunukiwa watu saba, mmoja tu akiwa hai, Vernon Baker. Woodson hakuwemo. Kwa nini? Karatasi zake hazikuonekana. Alifariki 2005. Mjane wake hakunyamaza, na ni mwaka 2024 tu alipopewa, akiwa kaburini, Msalaba wa Utumishi Uliotukuka, heshima ya pili kwa ukubwa katika jeshi lile. Miaka 80! Na ujasiri wenyewe haukuwa siri hata siku moja, ulikuwa umeandikwa magazetini wakati wa vita.

Msiseme hayo ni ya Wamarekani. Kwetu hata moto haukuhitajika.

Babu yake mama yangu alikwenda Bama na Keya. Alikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za 1944 hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin. Aliyatamka majina hayo, Kabaw na Kalewa, mpaka anakufa, na nyumbani yamebaki kama majina ya mashamba ya ukoo. Nyota ya Burma hakuipata. Cheti chake kililiwa na mchwa pamoja na nusu ya sanduku. Tumeandika barua mara tatu kwa ofisi ambayo sitaitaja, na mara tatu tumejibiwa kwa adabu nyingi: tutumie namba yake ya jeshi. Namba iliandikwa kwenye cheti. Cheti, nimekwisha sema, kiko tumboni mwa mchwa.

Nieleze kidogo hapa, maana wengi wetu huchanganya. Medali ya ujasiri hupendekezwa na wakubwa, na kwa Waingereza ilitangazwa katika gazeti lao la serikali, London Gazette, ambalo leo hata kijana wa intaneti kafe anaweza kulisoma. Medali ya kampeni ni kitu kingine. Hiyo humstahili kila aliyekuwepo mahali fulani kwa muda uliowekwa, hodari na mwoga sawa. Ushahidi wake si sifa, ni orodha. Na hapa pana kichekesho. Medali za vita ya kwanza Waingereza walizichonga jina la askari, ila nyota za vita ya pili walizitoa tupu. Hata mzee aliyeipata, akiitoa mfukoni, nyota yenyewe haisemi ni ya nani. Kila kitu kinarudi kwenye orodha, na orodha anayo karani.

Nao wasituambie kwamba enzi zile Waafrika hawakuandikwa vizuri. Wakati wa kulipa kiinua mgongo baada ya vita, walijua sana nani ni nani, maana Mzungu alilipwa hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Hesabu hiyo haipigwi bila majina. Orodha ya kupunja ilikuwepo, orodha ya kupongeza ndiyo imepotea?

Wala wasituambie muda umepita. Sajenti Nigel Leakey wa Keya, mlowezi kutoka Kenya, aliuawa Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941 akivamia vifaru. Msalaba wake wa Victoria ulitangazwa Novemba 1945, miaka minne na nusu baadaye. Simpunguzii ushujaa wake hata chembe, alikufa kiume. Nasema tu kwamba karatasi yake ilisafiri miaka yote hiyo na ikafika, kwa sababu kulikuwa na watu waliotaka ifike.

Basi nimrudie mshikaji. Bati la mkoloni, anasema. Ndugu yangu, nani amekuambia tunataka kulivaa? Wengine walijiandikisha kwa njaa, wengine walikamatwa, na bado walikwenda. Tunachodai ni mstari mmoja katika kitabu: jina, kijiji, Kabaw, 1944. Ukiuacha mstari huo ukosekane kwa jina la uzalendo, umemfurahisha mkoloni bure, umemsaidia kusahau.

Tena wewe unajiita mwandishi! Unaishi Dar es Salaam, unanunua daftari zako Kariakoo, mtaa uliopewa jina la kikosi cha wapagazi wa vita ya kwanza. Pita pale Posta kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927. Soma maandishi yake yote, huoni jina la askari hata mmoja. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda wakafika 350,000. Hao ndio wanaoingia katika riwaya zetu kama "askari mmoja", "mzee mmoja aliyepigana Bama". Mimi nimejaribu kuandika riwaya ya mtu kama huyo na kila sura inakwama pale pale, kwa sababu hakuna hata tarehe moja ya kushika.

Kwa hiyo, mheshimiwa karani, madai yetu ni haya, na hayahitaji bajeti ya kutisha. Kama faili limepotea mikononi mwako, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Tafuta kwenye orodha za malipo, za meli, za hospitali. Wamarekani baada ya moto wao walifanya hivyo, wakayajenga upya mafaili kwa hati za mishahara na taarifa za kila asubuhi za kikosi. Pokea kiapo cha familia kama mwanzo wa uchunguzi, usikifanye kisingizio cha kufunga jalada. Orodha za majina ya Keya zitolewe zisomwe na watu, Songea na Tabora, si kwa mwenye nauli ya ndege peke yake. Na ukikuta Juma bin Ali kumi na wawili, usitupe wote kumi na wawili. Tuletee, tuulize ukoo, vijijini bado wako bibi wanaojua yupi ni yupi.