Malipo ya Miaka na Malipo ya Jeraha

Mzee mmoja, mkulima na msomaji wetu wa siku nyingi, ametuandikia barua juu ya mwanawe aliyehamia Marekani akaingia jeshi la nchi ile. Kijana huyo alipigana Iraq, na baada ya miaka 10 ya utumishi madaktari wa jeshi walimwona hafai tena kwa kazi, wakamstaafisha. Masikio yake hayasikii vema, na mgongo wake hauwezi kuinua debe la maji. Mzee auliza hivi: "Mwanangu aniambia kwamba ana haki ya pensheni ya jeshi, na tena ana haki ya fidia ya ulemavu, lakini fedha zifikapo ni za haki moja tu. Je, mtoto huyu ananificha, au ni Serikali ya huko inayomficha yeye?"

Mzee wetu, mwanao hakufichi, wala hakuna karani aliyeiba. Jambo lenyewe ni sheria, na sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko wako: yatoka mwaka 1891. Na kwa kuwa wapo wasomaji wengine wenye jamaa katika jeshi la Marekani, twaona yafaa kulieleza kwa urefu kidogo.

Askari wa Marekani aliyestaafu na mwenye ulemavu ana milango miwili ya kubisha. Mlango wa kwanza ni wa jeshi, na humo hutoka pensheni. Kwa desturi iliyozoeleka, pensheni hiyo huhesabiwa kwa miaka: kila mwaka mmoja wa utumishi ni sehemu mbili na nusu kwa mia ya mshahara, basi aliyetumika miaka 20 hupata nusu ya mshahara wake. Mlango wa pili ni wa Idara ya Mambo ya Askari Wastaafu, na humo hutoka fidia ya ulemavu. Hapo hawaulizi cheo wala miaka, bali huupima mwili wenyewe. Kurutu na kanali waliopimwa ulemavu wa kiasi kimoja, na wenye jamaa sawa wa kuwalisha, hulipwa sawasawa. Mwaka 2025 mtu asiye na mke wala watoto aliyepimwa 10 kwa mia alipata dola 175.51 kwa mwezi, na aliyepimwa 100 kwa mia alipata dola 3,831.30.

Ukisoma hayo utadhani kwamba mtu hubisha milango yote miwili akarudi nyumbani na mifuko miwili. Sivyo. Tangu mwaka 1891 Bunge la Marekani lilikataza askari mstaafu kupokea yote mawili kwa pamoja. Kila dola moja ya fidia iliondoa dola moja ya pensheni. Watu walikubali makato hayo kwa sababu fidia haitozwi kodi na pensheni hutozwa, basi mwenye akili alichagua ile isiyopunguzwa na mtoza kodi. Lakini kuchagua namna hiyo si kupata mara mbili.

Mkulima atalifahamu jambo hili upesi. Umemwajiri mtu akulimie kwa plau, naye amefanya kazi mwezi mzima. Siku ya mwisho plau ikamkata mguu. Unamlipia dawa. Anapokuja kudai mshahara wake, unamwambia: "Mshahara wako umo ndani ya ile dawa." Majirani wangesema nini?

Tena kulikuwa na jambo la ajabu zaidi, na makarani wataliona mara moja. Askari aliyejeruhiwa akatoka jeshini baada ya miaka michache, kisha akaajiriwa katika Posta ya Serikali ile ile mpaka akastaafu, aliruhusiwa kupokea pensheni yake ya Posta na fidia ya jeraha lake pia, bila kukatwa hata senti. Aliyebaki jeshini miaka 20 na jeraha lake ndiye aliyekatwa.

Tusiwe wepesi wa kuhukumu, maana wenye kutunza hazina nao wana neno lao. Wao husema kwamba fedha zote mbili zatoka katika mfuko mmoja wa wananchi, kwa ajili ya utumishi mmoja, na kwamba kulipa mara mbili jambo moja ni ubadhirifu. Neno hili lina ukweli ndani yake katika hali moja, ambayo ndiyo hali ya kijana wetu. Askari anayestaafishwa na madaktari kabla ya miaka 20 aweza kuhesabiwa pensheni yake kwa kiasi cha ulemavu badala ya miaka. Hapo sehemu ya pensheni yake kwa hakika ni malipo ya jeraha, na fidia ya idara ya pili nayo ni ya jeraha lile lile.

Basi Bunge liliuvunja ukuta huu kidogo kidogo. Mwaka 2002 ilipitishwa sheria ya malipo maalum kwa wastaafu wenye ulemavu uliotokana na vita, na malipo yakaanza Juni 2003, kwanza kwa waliotumika miaka 20, wenye nishani ya Purple Heart apewayo aliyejeruhiwa na adui, au wenye ulemavu mkubwa wa vita. Mwaka 2004 yalipanuliwa kwa kila mlemavu wa vita wa namna hiyo aliyepimwa 10 kwa mia au zaidi. Mwaka huo huo ukafunguliwa mlango mwingine kwa mwenye miaka 20 na ulemavu wa 50 kwa mia au zaidi, hata kama hakuupata vitani: makato yake yaliondolewa pole pole mpaka yakaisha mwaka 2014. Na tangu Januari 2008 wale waliostaafishwa na madaktari kabla ya miaka 20 waliingizwa katika malipo maalum, lakini kwa mpaka: malipo hayo yasizidi pensheni ambayo mtu ameichuma kwa miaka yake mwenyewe.

Tuchukue hesabu ya mfano. Askari ana mshahara wa wastani wa dola 3,000 kwa mwezi na miaka 10 ya utumishi. Jeshi limempima 50 kwa mia, basi pensheni yake ni dola 1,500. Ile idara ya pili, ambayo hupima majeraha yote ya utumishi na si yale tu yaliyomzuia kazi, imempima 70 kwa mia, nayo kwa kipimo cha mwaka 2025 humpa dola 1,759.19. Fidia ni kubwa kuliko pensheni, kwa hiyo pensheni yaliwa yote. Lakini majeraha yake yote yakithibitika kuwa ya vita, hesabu ya miaka 10 ni 25 kwa mia ya mshahara, yaani dola 750, na hizo aweza kurudishiwa kwa jina la malipo maalum. Dola 750 kila mwezi, mzee wetu, si fedha za kuachwa mezani.

Hapa ndipo sisi twaona sheria bado ina upungufu. Yampima mtu kwa miaka aliyotumika, na hali ni bomu lililomkatisha miaka hiyo. Aliyenusurika akafika miaka 20 hupata zaidi. Aliyevunjwa katika mwaka wa 4 huhesabiwa miaka 4, kana kwamba alijiondokea kwa hiari yake. Muswada wa kuwaondolea makato wale waliolemazwa vitani kabla ya miaka 20 umeletwa bungeni zaidi ya mara moja, na mwaka 2025 uliletwa tena. Unaitwa kwa jina la Meja Richard Star, askari mhandisi aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 2021. Wabunge wengi wa vyama vyote viwili wameutilia sahihi zao. Kinachouzuia ni gharama, ambayo ni mabilioni ya dola.

Sasa twende kwenye karatasi, maana mara nyingi fedha za namna hii hupotea katika karatasi. Malipo maalum ya vita hayaji yenyewe. Mstaafu lazima ayaombe, tena asiyaombe kwa idara inayompa fidia, bali kwa jeshi lake mwenyewe, kwa fomu nambari 2860. Afungashe nakala za cheti cha kutoka jeshini, barua ya vipimo vya ulemavu, na maandishi ya hospitali. Karatasi za asili azihifadhi nyumbani. Wanaotazama maombi hawatauliza kama ni mgonjwa, kwa kuwa hilo limekwisha kupimwa. Watauliza aliumiaje. Jeraha la vita si risasi ya adui peke yake: yahesabiwa pia madhara ya kazi za hatari kama kuruka kwa parachuti, mazoezi yanayofanana na vita, na vyombo vya vita vyenyewe, kama gari la deraya au sumu iliyomwagwa misituni Vietnam. Lakini aliyevunjika goti katika mpira wa kambini hatapata kwa njia hii, hata akiwa na goti bovu kuliko wote. Na neno la mwombaji tupu halitoshi. Lazima pawe na karatasi ya wakati ule isemayo ni nini kilichotokea.

Wengine walichelewa kuomba kwa kutojua, na kuchelewa kuliwagharimu. Askari mmoja wa kikosi cha Marine, ambaye kazi yake Iraq mwaka 2004 ilikuwa kuokota maiti za wenzake, alistaafishwa mwaka 2006 kwa ugonjwa wa akili uliotokana na hayo. Aliomba malipo maalum mwaka 2016. Alikubaliwa, lakini malimbikizo alipewa tangu Julai 2010 tu, kwa hoja kwamba sheria ya jumla ya madai juu ya Serikali hairudi nyuma kupita miaka 6. Alishtaki kwa niaba yake na ya maelfu wengine walio kama yeye. Alishinda, kisha akashindwa katika rufani mwaka 2024, na tarehe 12 Juni 2025, katika kesi iitwayo Soto dhidi ya Marekani, Mahakama ya Juu ikaamua kwa sauti moja ya majaji wote 9 kwamba malipo haya yana sheria yake yenyewe, na ule mpaka wa miaka 6 hauyahusu.

Kwa hiyo, mzee wetu, mwandikie mwanao. Mwulize kama amekwisha kupeleka fomu ile, na kama majeraha ya masikio na mgongo yameandikwa pamoja na mahali na sababu yake. Kama aliwahi kuomba akapewa malimbikizo ya miaka 6 peke yake, ayatazame upya kwa uamuzi huo wa mwaka 2025. Na kama aliwahi kukataliwa kwa kukosa ushahidi, awatafute wenzake waliokuwa naye garini siku ile, kwa sababu barua ya shahidi ikiambatana na karatasi za hospitali husaidia. Ataombwa subira, kwani maombi hayo huchukua miezi. Tutafurahi kupata habari zake.