Dawa isikatike mpakani, na sigara nayo iulizwe

Mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi kambini hufungasha sufuria, godoro na vyeti vya shule vya watoto. Kadi ya kliniki huachwa nyuma, au hufichwa chini kabisa ya mzigo, kwa kuwa mwenyewe hapendi ionekane mizigo ikikaguliwa mpakani. Tunamwelewa. Ila hasara yake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu milioni 2.7 wanaishi na virusi vya Ukimwi pamoja na vya homa ya ini aina ya B. Virusi hivi hupita njia zilezile: damu, ngono, na mama kwa mtoto. Vikikutana mwilini, ini huharibika haraka zaidi. Chanjo ya watoto ilianza katika nchi zetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, hivyo wengi wa warejeaji na wachuuzi waliozaliwa kabla hawakuipata.

Bahati njema, tenofovir, iliyomo katika vidonge vingi vya ARV, hupambana na virusi vyote viwili. Lakini mgonjwa wa namna hiyo akiiacha ghafla, homa ya ini inaweza kuamka kwa kishindo na hata kumuua. Kwa hiyo wiki chache za kusubiri kuandikishwa upya upande wa pili si jambo la kuchezea.

Halafu kuna sigara. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walichapisha hesabu yao: mgonjwa wa virusi vya Ukimwi mwenye miaka 35 anayevuta hupoteza miaka 12.3 ya maisha kwa sababu ya sigara, na 5.1 kwa sababu ya virusi. Denmark si Makamba wala Kobero, ni kweli. Kule dawa hazikatiki. Lakini hiyo ndiyo hoja yenyewe: dawa zikishafanya kazi, muuaji anayebaki ni moshi. Tena moshi huo huleta saratani ya ini, kiungo kilekile kilichokwisha kushambuliwa.

Kwenye vibanda vyetu sigara huuzwa moja moja, na anayenunua tatu kwa siku hajihesabu kuwa mvutaji. Muuguzi asipomuuliza, hatasema. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka serikali zijitahidi kuukomesha uuzaji huo. Wachuuzi watatununia, lakini tunaliunga mkono.

Wizara za afya za pande zote mbili zikubaliane kuhusu barua moja ya uhamisho: jina la dawa, tarehe ya mwisho kuichukua, majibu ya kipimo cha homa ya ini B, na kama mgonjwa anavuta. Na anayevuka aondoke na vidonge vya miezi mitatu mkononi.