TAHARIRI: Haki ya Mwanamke wa Marikiti Si Mkopo



Afikaye Marikiti kabla jua halijapanda huwakuta akina mama wamekwisha kutandaza magunia yao: mchicha, ndimu, bamia, nazi. Wengine wametoka Kongowea alfajiri, mzigo wameuvusha daraja la Nyali kwa matatu. Jengo lililo nyuma yao, ambalo katika makaratasi huitwa Soko la Mackinnon, limesimama hapo tangu 1914. Hapo ndipo mahali pao pa kazi. Twasema mahali pa kazi kwa makusudi, kwa kuwa kila unapotajwa usawa kazini watu hufikiria ofisi na kulisahau gunia.

Sheria tunazo. Sheria ya Ajira ya 2007 yamwamuru mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa, yampa mama aliyejifungua likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kanuni za kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Maneno hayo ni mema. Lakini muuza ndimu mwajiri wake ni nani? Akijifungua, miezi mitatu hiyo atalipwa na nani? Ushuru wa soko haujui likizo.

Serikali itajibu kwamba imewawekea wanawake fedha. Ni kweli. Mfuko wa wafanyabiashara wanawake ulianzishwa 2007, Uwezo ukafuata 2013, kisha 2015 ikaja hazina iliyofungamanishwa na ofisi za wawakilishi wa wanawake wa kaunti. Hatuzibezi juhudi hizo, maana wapo waliozitumia wakainuka. Ila tufanye hesabu. Kundi la wanawake kumi likikopeshwa shilingi 100,000, kila mmoja huondoka na 10,000. Ule mfuko wa 2007 hautozi riba, bali hukata asilimia 5 ya gharama za usimamizi, na fedha lazima zirudi. Mvua ikinyesha na mchicha ukaoza, deni halinyauki. Tena mkopo huo haujengi choo, hauwashi taa, wala haumwondoi anayemshika mama mkono kwa ujeuri anapofunga bidhaa zake magharibi. Hayo ni mambo ya haki, na katika nchi hii mwanaume aliyedhulumiwa haambiwi kwanza akope ndipo atendewe haki.

Tena kuna jambo ambalo wanamageuzi wenye umri hawajalisahau. Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa 1952, ilifungwa kwenye chama cha KANU mwaka 1987, na msaada wa mwanamke ukawa na rangi ya chama. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tulidhani kamba hiyo imekatika. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park wakidai watoto wao, na walipofukuzwa kwa marungu na moshi wa kutoa machozi wakahifadhiwa katika Kanisa Kuu la All Saints. Hawakuomba hisani ya mtu. Leo, miaka zaidi ya 30 baadaye, bado tunaona fedha za umma zikikabidhiwa wanawake jukwaani, kwa hundi ndefu kama mlango, nao wakitakiwa kumshukuru mheshimiwa kana kwamba zimetoka mfukoni mwake. Vyama vimekuwa vingi, lakini desturi ni ile ile.

Ibara ya 27 ya Katiba ya 2010 yasema wanawake na wanaume wana haki ya kupata nafasi sawa katika siasa, uchumi na jamii. Ibara ya 201 yadai uwazi na ushiriki wa wananchi katika fedha za umma. Kwa hiyo twaielekea kaunti, kwa kuwa ndiyo ipokeayo ushuru wa soko. Asiye na mwajiri, lakini amtozaye yupo, na amtozaye ana wajibu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo maneno mengi huwa ni ya mazishi. Vyama vya akina mama makanisani, pamoja na dada zetu wa misikiti ya Mji wa Kale, visingoje kualikwa. Yule mjane aliyemrudia kadhi dhalimu hakuwa na barua ya mwaliko. Nendeni na wauzaji wenyewe, si kwa niaba yao, mkaulize kwa maandishi: Marikiti imetoa ushuru kiasi gani mwaka uliopita? Ni shilingi ngapi zilizorudi kwa vyoo, taa na mahali pa mama kunyonyesha? Katika kamati ya soko wamo wanawake wangapi, na waliwekwa na nani? Jibu likija, tuleteeni nakala tulichapishe. Lisipokuja, tuleteeni tarehe mliyopeleka barua, nayo tutaichapisha.