Jumapili ya Kendu Bay
Jumapili asubuhi, matatu za Oyugis hujaa mapema mjini Kisii: vijana na miwani ya jua, akina mama na vikapu vitupu vya kubebea samaki. Kutoka mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, safari huteremka kupitia Oyugis hadi Kendu Bay, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mita 1,134. Sweta huvuliwa njiani. Waadventista walianzisha misheni ya Gendia hapo mwaka 1906, kabla ya kupandisha Injili milimani Gusii. Jirani, ziwa la Simbi Nyaima hutembelewa na heroe. Ngege wa kukaanga, ugali, upepo: mchovu ataka nini tena? Hata hivyo, wengi Kisii na Nyamira hudunduliza mwaka mzima kwa ajili ya Mombasa, wakidharau ufuo wa nauli ndogo kwa sababu tu hauna chumvi.