Undugu wa kiroho si kadi ya jumuiya

Anayetoka kituo cha mabasi cha Nyabugogo akapanda mlima kuelekea katikati ya Kigali huipita Muhima karibu yote: vibanda vya simu, maduka ya jumla, hospitali inayosifika kwa wodi yake ya wazazi, na huko juu kanisa kubwa la matofali ambalo wenyeji hulijua kwa jina lake la Kifaransa, Sainte-Famille, yaani Familia Takatifu. Parokia hiyo ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1913, miaka 13 baada ya misheni ya kwanza ya Kikatoliki nchini Rwanda kufunguliwa Save.

Ibada katika mji huu ingali hai. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mahujaji hupanda mabasi ya Ruhango, kwa Yezu Nyirimpuhwe, Yesu wa Huruma. Agosti 15 na Novemba 28 safari ni ya Kibeho, ambako wasichana watatu wa shule walitokewa na Bikira Maria kuanzia 1981, na askofu wa Gikongoro akathibitisha jambo hilo mwaka 2001. Kilichopungua ni hesabu. Katika sensa ya 1991, zaidi ya Wanyarwanda 6 kati ya 10 walijiandikisha kuwa Wakatoliki. Katika ile ya 2022 wamebaki takriban 4 kati ya 10. Waliobaki, hasa mjini, hawatosheki na misa ya Jumapili tu. Kila mmoja ana kundi lake: huyu Legio ya Maria, yule Karismatiki, mwingine Emmanuel, na wote wana umuryango remezo, jumuiya ya majirani ambayo Mtanzania au Mkenya ataifahamu mara moja kuwa ndiyo jumuiya ndogo ndogo yake, na mtu wa Bukavu ataiita shirika.

Makundi haya yote hujiita familia. Ni dai zito, na parokia iliyobeba jina la Familia Takatifu ndiyo mahali pa kulipima, kwa sababu mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, lilipimwa hapo kwa damu.

Maelfu ya watu walikimbilia kwenye kilima hicho. Wengine walijazana kanisani, wengine katika kituo cha kichungaji cha Saint Paul, hatua chache tu kutoka hapo. Saint Paul ilikuwa chini ya padre kijana, Célestin Hakizimana. Aliwazuia wanamgambo mlangoni siku baada ya siku, akibembeleza, akihonga, akijadiliana, huku akiwatafutia chakula na maji watu wanaokadiriwa kufika 2,000. Hakuweza kuwaokoa wote. Juni 14 baadhi yao walichukuliwa wakauawa. Usiku wa kuamkia Juni 17 wapiganaji wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali, walipenya hadi hapo na kuwatoa mamia ya watu. Kulipopambazuka wanamgambo wakamwaga hasira zao kwa waliobaki Sainte-Famille, na wengi wakauawa ndani ya uwanja wa kanisa. Padre aliyekuwa akisimamia parokia wakati huo alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi ya Rwanda mwaka 2006, akiwa hayupo nchini. Majaji wa Ufaransa, alikokimbilia, walilifunga faili lake mwaka 2015. Hakizimana ndiye askofu wa Gikongoro tangu mwaka 2015, na Kibeho imo ndani ya jimbo lake.

Waliouawa walikuwa wamebatizwa, na wengi wa wauaji pia. Walipokea komunyo kwenye meza moja, na vijijini walikuwa majirani wa jumuiya moja. Kwa hiyo ile hoja inayosikika sana katika semina za kichungaji, kwamba dawa ya Ukristo wa jina ni vikundi vidogo ambamo watu wanafahamiana, haitoshi hata kidogo kwa Rwanda. Wauaji waliwafahamu vizuri watu waliowaua. Walijua hata wanakojificha watoto wao.

Ndiyo maana mfano wa wanandoa Cyprien na Daphrose Rugamba una uzito kuliko picha zao za ukutani. Cyprien alikuwa mshairi, mtunzi wa nyimbo, mwanzilishi wa kundi la ngoma la Amasimbi n'Amakombe, na kwa miaka mingi mkuu wa taasisi ya taifa ya utafiti huko Butare. Imani aliyoipata seminarini alikuwa ameitupa. Ndoa yao ya 1965 ilikuwa ya machozi: alimfukuza mkewe, akamrudisha, akazaa nje, na Daphrose akampokea mtoto huyo nyumbani kwake. Miaka 17 mama huyo aliomba, mpaka 1982 mumewe alipoongoka. Hadithi yao si ya watu waliozaliwa na rozari mkononi, na pengine ndiyo sababu watu wa ndoa wanaipenda.

Mwaka 1989 walikwenda hija Paray-le-Monial, Ufaransa, wakakutana na Emmanuel, jumuiya iliyochipuka Paris miaka ya 1970 kutokana na kikundi cha sala cha Pierre Goursat. Mwaka uliofuata waliianzisha Rwanda. Kuabudu Ekaristi kila siku, kukutana kila wiki kwa vikundi vidogo, kuwahurumia maskini: huo ndio utaratibu wake. Utaratibu peke yake usingewatofautisha na wengine. Waliwaalika Wahutu na Watutsi wasali pamoja wakati siasa za nchi zilikuwa zikiwatenganisha, na Cyprien alipinga waziwazi kabila kuandikwa kwenye vitambulisho. Naye Daphrose alianza kuwalisha mayibobo, watoto wa mitaani wa Kigali ambao hakuna kundi la sala lililokuwa likiwagombania. Mwaka 1992 watoto hao wakapata nyumba iliyokuwa kituo chao. Aprili 7, 1994 wanajeshi waliwaua wanandoa hao wawili pamoja na watoto wao 6 kati ya 10. Kituo cha watoto hakikufa nao; kinaitwa CECYDAR na kipo Kigali hadi leo.

Hapo ndipo penye kipimo. Kundi la ibada linaweza kuwa na nyimbo tamu, vitenge vya sare na mahudhurio kamili, na bado likabaki chama cha watu wanaopendana kwa sababu wanafanana. Linaanza kuwa familia siku linapobeba mtu ambaye halikumchagua na ambaye hana cha kuliongezea. Katika familia ya damu jambo hili halina mjadala: mtoto mkorofi, shemeji mlevi, bibi mgonjwa, wote wana sahani.

Kuna waliokwenda mbali zaidi ya hapo. Padre Ubald Rugirangoga, aliyefariki Januari 2021, mama yake aliuawa 1994. Baadaye alimsamehe muuaji na kuwalipia karo watoto wa mtu huyo. Katika parokia ya Mushaka, kusini magharibi mwa nchi, alianzisha utaratibu mgumu: aliyeua hapewi komunyo mpaka apite mafundisho ya miezi kadhaa na kuomba msamaha kwa familia aliyoikosea, nayo familia hiyo inasindikizwa katika safari yake ya kusamehe. Walioona ni ukatili kumnyima mtu sakramenti walikuwa na hoja yao. Lakini ukatili mkubwa zaidi ni kumtaka mjane amwite ndugu mtu ambaye hajawahi hata kubisha hodi kwake.

Kizuizi cha Mushaka kilimlinda aliyeumizwa. Vizuizi vingi vya parokia za Afrika Mashariki leo vinalinda daftari. Tangu maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele miaka ya 1970, wazo zuri limezaa urasimu wake: kadi ya jumuiya, orodha ya michango, barua ya mwenyekiti. Bila hivyo mtoto habatizwi, na katika baadhi ya parokia za Tanzania na Kenya hata marehemu hapati misa ya mazishi. Mama anayeuza mboga kuanzia alfajiri hadi usiku, mlinzi wa zamu, yaya asiyepewa ruhusa ya kutoka: hawa ndio wanaokosa mahudhurio, na hawa ndio wanaohitaji familia kuliko wote.

Mapadre wana jibu, na si jibu jepesi. Wanasema kadi zikiondolewa watu wataonekana mara tatu tu maishani, na mara mbili kati ya hizo watakuwa wamebebwa. Kwa ndoa wana haki. Mtu anayetaka kuweka agano mbele ya jumuiya na awe anajulikana na jumuiya hiyo. Kwa ubatizo, mazungumzo na wazazi yanafaa kuliko mhuri. Kwa mazishi hakuna hoja inayosimama. Mwenyekiti wa jumuiya anayefika msibani na daftari amechelewa, kwa sababu swali la kwa nini jirani huyu haonekani lilipaswa kuulizwa mlangoni kwake alipokuwa hai, na lingeulizwa na mtu aliyebeba unga.

Mchakato wa kuwatangaza akina Rugamba wenyeheri ulifunguliwa Kigali mwaka 2015, na baada ya hatua ya jimbo kukamilika mwaka 2021 makaratasi yakapelekwa Roma. Huko watachunguza maandishi, ushahidi na namna walivyokufa. Parokia zetu hazihitaji kusubiri hukumu hiyo ili kuzipitia orodha zao za jumuiya na kuhesabu ni wangapi waliofutwa majina kwa sababu ya mchango wa shilingi au faranga chache.