Tusing'oe mizizi ya mlingoti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase wananchi wenzangu kuhusu nyaya za shaba zinazofukiwa chini ya milingoti ya redio ya masafa ya kati.

Wengi tunadhani mlingoti mrefu peke yake ndio urushao matangazo. Sivyo. Umeme unaopanda mlingotini hauna budi kurejea kwa njia ya ardhi, na udongo ni njia mbovu. Ukinzani wa udongo ukilingana na ule wa mlingoti, nusu ya nguvu huishia kupasha ardhi moto, na msikilizaji wa mbali huambulia mikwaruzo.

Ndiyo maana mafundi hutandaza nyaya kuzunguka shina la mlingoti mithili ya spoku za baiskeli. Mwaka 1937 wahandisi wa Marekani, Brown, Lewis na Epstein, walipima kuanzia nyaya 2 hadi 113, wakaona kwamba nyaya nyingi ndizo ziokoazo nguvu. Baadaye kawaida ikawa 120. Kwa kituo cha kilohezi 600, ambacho robo ya wimbi lake ni mita 125, hizo ni kilometa 15 za shaba!

Wako watakaosema bonde letu la Kilombero ni chepechepe, nyaya za nini? Kweli, masika udongo husaidia. Lakini kiangazi mbuga hupasuka nyufa, na matangazo hayangoji mvua.

Jambo hili linatuhusu. Mawimbi ya FM hukingwa na milima, nasi tuko kati ya Udzungwa na Mahenge. Mawimbi ya kati huambaa na ardhi. Kwa masafa ya kati na mafupi, Radio Tanzania ilifikisha kampeni ya Mtu ni Afya vijijini mwaka 1973. Kwetu sisi wa mabondeni, redio ya namna hiyo ingefaa sana kutoa onyo la mafuriko.

Kwa hiyo nashauri: popote mitambo hiyo inapojengwa au kukarabatiwa, wenye dhamana wasipunguze nyaya kwa kubana fedha. Shaba ikiwa haba, heri nyingi fupi kuliko chache ndefu. Eneo lizungushiwe uzio wala lisilimwe, maana nyaya hulala kina cha jembe tu. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao waulizwe shaba yao imetoka wapi.

Anayefukua nyaya hizo kwa bei ya kilo chache anawaziba wenzake masikio wakati maji yanakuja.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mlabani, Ifakara.